Koti la Buluu la Studio

Jumapili, Hai Jalaba, Juba. Joto lilianza kabla ya ibada na mpaka sasa halijapungua. Vumbi limefunika dirisha la studio hata mwanga unaoingia una rangi ya chai ya maziwa. Sijafungua leo. Nimekaa ndani, mlango nimeurudishia, na koti liko mezani mbele yangu, limekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja mimi.

Jana nilikuwa mazikoni. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Nilimjua kwa dakika ishirini hivi, mvua za mwaka jana, alipokuja kupigwa picha.

Mnaosoma ukurasa huu mmezoea nikieleza lenzi na taa, na mnanivumilia. Leo pia nitaeleza mambo ya kazi, maana bila hayo hamtaelewa nilichokosea. Majina nimeyabadilisha.

Nilikuwa mwalimu. Nilifundisha historia katika shule ya upili Nakuru kwa miaka kumi na moja, na kila likizo nilijifunza picha kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio nyuma ya soko. Enzi hizo kulikuwa na chumba cha giza, dawa zilizochoma pua, na karatasi iliyoelea kwenye beseni mpaka uso ukajitokeza polepole, kwanza nyusi, halafu macho. Hakuna kitu kingine kilichowahi kunishika hivyo. Nikaacha chaki. Mke wangu hakunisemesha kwa wiki nzima.

Juba nilifika mwaka mmoja kabla ya bendera ya Sudan Kusini kupandishwa. Wakenya tulikuwa tukimiminika: wa benki, wa hoteli, wa shule. Kila ofisi ya mtaa wa Amarat ilitaka picha za wafanyakazi wake, na kila Jumamosi kulikuwa na harusi. Nilidhani nimefika.

Mwezi wa pili nilitoka na kamera nikapiga picha ya mawingu juu ya mto. Watu wa usalama walinichukua, nikakaa siku mbili ndani ya chumba ambacho hadi leo sijui kiko wapi. Aliyenifungulia mlango aliniuliza, bila hasira, "Ustaz, kwani kwenu Kenya hakuna mawingu?" Tangu siku hiyo sijapiga picha nje. Ndivyo nilivyokuwa mpiga picha za nyuso. Watu husema nilichagua sanaa hiyo. Ukweli ni kwamba nilichagua kuta nne.

Halafu vita. Niliondoka, nikarudi, nikaondoka tena, nikarudi. Harusi zilipungua, na zilizobaki zilichukuliwa na simu. Siku hizi nina kazi za aina mbili tu: picha za pasipoti na picha za majeneza.

Picha ya jeneza ni ile inayobebwa mbele ya msafara na kusimamishwa juu ya sanduku. Familia inakuja na simu yenye kioo kilichopasuka, au na kitambulisho, au na picha ya watu tisa kwenye sherehe, wananionyesha kwa kidole: huyu. Mimi namtoa katikati ya wenzake, namsafisha, namkuza. Kwa kawaida wanaomba pia nimvalishe suti. Ninaweza. Inachukua nusu saa kwenye kompyuta.

Lakini walio hai huvaa koti la kweli, na hilo ndilo nataka kulieleza.

Lilikuwa langu. Nililinunua mitumba Nakuru, la buluu iliyokolea, kwa ajili ya picha ya kumtumia mke wangu nikishafika huku. Katika picha hiyo mimi ni meneja wa benki kabisa. Siku niliyoipiga nilikuwa nalala sakafuni kwenye stoo ya duka huko Munuki, katikati ya magunia ya sukari. Sikumwambia. Picha ile bado iko sebuleni Nakuru.

Mteja mmoja akaliona, akaomba kulivaa. Halafu mwingine. Nikapigilia msumari kando ya pazia, likakaa hapo. Vijana wa huku ni warefu na wembamba, kwa hiyo nyuma nalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na mikono yao siionyeshi maana mikono ya koti inaishia juu ya kifundo. Kifungo cha pili kilidondoka zamani, kabla hata sijapiga picha yangu ile. Nilishonea cha kahawia, kwa sababu cheusi sikupata. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa jambo la pili. Kabla ya kila picha mimi hupiga moja ya kupima mwanga. Kamera huwa inadanganyika ikikutana na ngozi nyeusi sana karibu na shati jeupe: inaokoa shati na kuuzamisha uso. Fundi mvivu anauacha uso uzame. Mimi sitaki. Kwa hiyo mtu akishaketi kwenye stuli, kabla hajavaa koti, kabla hajajiweka sawa, naibonyeza mara moja, natazama mashavu, narekebisha taa. Hiyo si picha, ni kipimo tu. Jioni nikishafunga nazifuta zote. Nilifundishwa unadhifu.

Lual alikuja siku ya mvua, viatu mkononi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kiswahili chake safi kunishinda. Alikuwa akiosha magari kando ya mto pamoja na rafiki yake Wani, ambaye waliishi naye chumba kimoja Munuki. Aliniambia picha ni ya kumtumia mama yake kambini, na kwamba mama anajua yuko ofisini. Alilisema bila aibu, kama mtu anayemweleza daktari panapouma. Nilimbana koti, nikamwinua kidevu. Alitoka vizuri sana. Nilimsifu.

Jumatatu ya wiki hii Lual alikufa kwa homa. Aliugua siku nne tu. Mimi sikujua.

Nilijua Ijumaa asubuhi, alipoingia Poni, dada yake Wani, ambaye alisomea Uganda na anauza chai kwenye stendi ya boda boda kule Munuki. Alikuwa ametembea kwa miguu.

"Ustaz, Wani wamemshika."

"Juu ya nini?"

"Juu ya koti. Ile koti yako."

Nikamkalisha, nikampa maji, nikamwambia aanze mwanzo. Mama yake Lual alikuwa amefika Alhamisi kutoka Kakuma, amefunga ile picha ndani ya leso. Alitaka mwanawe azikwe na koti lake la kazini. Wakapekua chumba, koti hakuna. Baba wadogo wa Lual wakamgeukia Wani: wewe ndiye uliyelala naye, wewe ndiye uliyemvua, umeliuza sokoni. Wani si wa kabila lao, na mjini hapa jambo hilo peke yake linatosha. Walimpeleka kwa sultani. Kwa wasiojua, sultani hapa ni mzee anayesikiliza kesi ndogo za watu wake. Huyo alisema kijana akae kwake mpaka koti lipatikane. Lakini vijana wa ukoo walikuwa wameshampitia kwanza kwa ngumi.

"Kwa nini hasemi koti ni la studio?" nikauliza. "Neno moja tu."

"Amekataa. Lual alimuapisha, mama asijue. Nimemwambia Wani, wewe mjinga, watakuua. Anasema, mtu akishakufa unamvua nguo namna gani?"

Nilitazama koti kwenye msumari wake.

"Wewe toa tu koti, ustaz," Poni akasema. "Sema aliacha kwako. Mama achukue, Wani atoke, basi."

Nikakubali. Nikachukua namba kwa Poni, nikampigia baba mdogo mmoja simu, nikasema koti liko kwangu, mama aje alichukue. Nilijiona nimetenda jambo la busara. Katika saa ile ya kungoja nilitunga uongo wangu kwa makini, kama nilivyokuwa natunga mtihani: Lual aliniachia koti nimbadilishie kifungo. Nililipiga pasi. Nilitoa vibanio. Nilipangusa stuli.

Jambo moja halikunijia kichwani kabisa.

Walifika kwa boda boda mbili. Baba mdogo, mtu mrefu mwenye fimbo, alibaki mlangoni. "Ya ustaz," akaniambia, "Wakenya nyinyi ni watu gani? Unakaa na nguo ya maiti wetu, unanyamaza?" Nikamwomba radhi. Mama akaingia peke yake. Mwanamke mwembamba, wa makamo, ana kope nzito za mtu aliyelia njia nzima kwenye lori.

"Mama, pole sana," nikasema. "Koti la Lual hili hapa. Aliniachia nimbadilishie kifungo."

Akalipokea. Akalinusa kwenye ukosi. Kisha akafungua leso, akaitazama picha, akatazama kifungo.

"Kwenye picha kilikuwa hiki hiki cha kahawia," alisema.

Mimi ninayeishi kwa kutazama sikuwa nimeliona hilo. Nikaanza kutafuta la kusema. Na yeye, labda kwa kunionea huruma, akayatoa macho yake kwangu akayapeleka ukutani.

Ukutani kwangu kuna picha kumi na nne, zile bora, za kuwaonyesha wateja. Mchungaji. Fundi wa jenereta. Ndugu wawili mapacha, kila mmoja na picha yake. Msichana aliyemaliza kidato cha nne. Juu kabisa, karibu na saa, mimi mwenyewe, nakala ya ile ya Nakuru. Wote wamevaa koti la buluu lenye kifungo kimoja cha kahawia. Nimeutazama ukuta huo kila siku kwa miaka, jinsi mtu anavyotazama ukuta.

Alianza kushoto. Hakuharakisha.

"Huyu nani?"

"Mchungaji, mama. Yuko Munuki."

"Na huyu?"

"Anatengeneza jenereta."

"Na yule juu ni wewe."

"Ndiyo, mama."

Akacheka, kidogo tu, kwa pua. "Kumbe nyote mnafanya kazi ofisi moja."

Kisha akaketi kwenye stuli. Alikaa pale pale alipokaa mwanawe, koti mapajani, na kwa mazoea ya kijinga ya miaka yote macho yangu yalitazama mwanga unavyoangukia mashavu yake.

"Alikuwa anafanya nini huku?"

Nikamwambia. Niliona kuendelea kudanganya ni kumtukana. Nikasema alikuwa anaosha magari kando ya mto, na kwamba Wani ndiye mwenzake, na kwamba Wani hakuiba kitu, amenyamaza tu kumfichia rafiki yake.

Nje baba mdogo alikuwa akibishana na mwenye boda boda kuhusu mpira.

"Kule kambini," akasema, "majirani wanakuja kwangu kuiangalia hii picha. Naipangusa kila asubuhi. Watoto wa dada yangu nimewaambia, mwangalieni Lual, someni. Mkubwa ameshaanza kuulizia njia ya Juba."

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenikalisha hapa leo.

"Kabla hajavaa, hukumpiga?"

Ningeweza kusema hapana. Niseme wazi kwamba nilitamani. Badala yake nilimweleza, kwa kirefu, kama kawaida yangu, habari za ngozi na shati na taa. Alisikiliza kama mwanafunzi mwema. Nilipomaliza akasema:

"Kwa hiyo ulimpiga."

"Nilimpiga, mama."

"Iko wapi?"

"Nilifuta."

"Siku hiyo hiyo?"

"Jioni yake."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa lawama. Ingekuwa lawama ningeibeba. Alikuwa kama mtu anayeambiwa basi limeondoka.

Aliposimama aliniagiza jambo moja. Ile picha yake ya ofisini niikuze kwa ajili ya sanduku, lakini nikate koti lote. Abaki uso tu. Kisha akatoka, koti mkononi, akamwambia shemeji yake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Limepatikana. Mwacheni yule kijana." Shemeji akalishika, akaligeuza huku na huku, akasema, "Khalas, basi." Wakaondoka. Hakuna mwanamume kati yao aliyejua aliyoyajua mama.

Nilifanya kazi ile mchana kutwa. Nilipandisha ukingo wa picha mpaka koti likatoka lote. Kilichobaki ni uso, kovu dogo juu ya nyusi ya kulia ambalo sikuwa nimelizingatia, na ncha za ukosi wa shati lake mwenyewe, uzi mmoja umechomoka. Uzi huo huwa naufuta. Niliuacha.

Jana tulimzika. Jua lilikuwa kali na sanduku lilikuwa limeshafungwa kutoka hospitali. Watu walitazama ile sura kubwa mno na wengine wakageuza macho. Baba mdogo alinijia. "Ya ustaz, koti umelikata kwa nini? Ndilo lilikuwa heshima yake." Nikamjibu karatasi ilikuwa ndogo. Uongo mwingine, na huu ulitoka bila kutungwa. Wani alisimama nyuma kabisa, mdomo umevimba, jicho moja limefumba. Nilimpungia. Hakunijibu. Sijui kama hakuniona au aliniona.

Leo asubuhi, nikirudi kanisani, nilimkuta Poni ananisubiri mlangoni na kifurushi. Lilikuwa hili koti.

Nilishtuka. Nilidhani liko ardhini.

Poni akanieleza. Hospitali, waliomvalisha marehemu ni wawili tu, mama na Wani. Mama ndiye aliyetaka iwe Wani, na baba wadogo hawakuweza kumkatalia mwenye mtoto. Mama aliwatoa wengine nje, akamuuliza Wani nguo ya kazi iko wapi. Wani alikwenda akaileta, ile fulana ya manjano ya kuoshea magari, akaifua kwanza kwenye bomba la uani. Walimvalisha ikiwa mbichi bado. Kisha wakafunga sanduku.

"Mama iko wapi sasa?" nikauliza, na mimi nikijikuta nazungumza kama Poni.

"Amepanda gari alfajiri. Amesema koti irudi kwako. Amesema wengine nao iko na mama zao."

Poni hakukaa. Alisema Wani ana homa.

Tangu wakati huo nimekuwa kwenye kompyuta. Nimetafuta kwenye kadi zote, kwenye diski ya zamani, kwenye kopo la taka la mashine, hata mahali ambapo najua hakuwezi kuwa na kitu. Niliwahi kuwaambia hapa kwamba kilichofutwa mara nyingi kinaweza kurudishwa. Kinarudishwa kama hujaandika kitu kingine juu yake. Mimi nimeandika juu ya Lual mara mia, nyuso juu ya uso wake, kila siku ya kazi.

Nilichopata ni vipimo vya Ijumaa asubuhi, kabla Poni hajaingia, ambavyo kwa ile fujo sikuwahi kuvifuta. Watu wanne. Mama anayejikuna shingo. Mwanamume aliyefungua mdomo katikati ya maneno, fulana yake imetoboka begani. Mwanafunzi anayepiga miayo. Mzee aliyeinama kufunga kiatu, nimepata upara wake tu na mkono. Nimewatazama sana. Mwanga si mzuri. Hakuna hata mmoja ambaye angekubali nimtundike ukutani.

Nimewahifadhi.

Kichwani narudia hesabu ya nyuso nilizozifuta, miaka kwa siku za kazi, halafu naikatiza njiani, kwa sababu sitaki kuona ninapofika. Nimekuwa nikijivunia kwamba mimi siuachi uso uzame. Nani aliyezama basi?

Kuna wanaosema nilichome hili koti. Poni alisema hivyo. Sitalichoma. Kesho saa mbili atakuja mtu mwenye mama Kakuma, au Bor, au Eldoret, na atalitaka, na mimi si wa kumwambia kwamba mama yake anastahili ukweli ambao mimi mwenyewe sijampa mke wangu. Nitalirudisha kwenye msumari. Kifungo cha kahawia nitakiacha.

Ila kwanza ataketi kwenye stuli jinsi alivyoingia, na picha hiyo nitaiandika jina na kuiweka.

Wa kwanza kuketi nitakuwa mimi, kabla sijafungua mlango, kwa shati hili hili la leo lenye jasho. Hilo naliweza. Kama nitaweza kuituma Nakuru, bado sijui.